Kinywaji kisigande barabarani: mwongozo kamili kwa waendesha baiskeli wa majira ya baridi

Kila Januari hapa Minneapolis, Marekani, naulizwa swali lile lile, na aliyeniuliza mwaka jana anarudi mwaka huu akiwa na chupa ya bei kubwa zaidi. "Nimenunua thamosi ya maana, bado inaganda." Nikimwambia ailete tuione, mara nyingi chai ndani bado ina moto wake. Kilichoganda ni mdomo. Matone mawili matatu yamebaki kwenye kitundu cha kufyonzea, yamegeuka kizibo cha barafu, na nusu lita ya chai imefungiwa nyuma yake.

Kwa hiyo hatua inayohusu mdomo wa chupa ndiyo ndefu kuliko zote. Ukiwa na haraka, soma hiyo kwanza.

Nyuzi zote nilizotaja ni za Selsiasi. Kama simu yako inaonyesha Farenhaiti, kumbuka hizi tatu: -5 ni 23, -10 ni 14, na -18 ni karibu sifuri.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa ya baiskeli ya plastiki, ya kuta mbili ukiipata. Ya kawaida pia inafaa kwa safari fupi.
- Thamosi nyembamba ya chuma. Pima kipenyo kabla hujalipa: vishikio vingi vya chupa kwenye fremu hupokea kama milimita 74. Ikizidi hapo haiingii, ikipungua inagongagonga njia nzima.
- Soksi nene za sufu, hata zilizotoboka kisigino. Za pamba ziache.
- Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, sentimita 20 hivi.
- Mifuko miwili ya plastiki ya mkate na raba bendi chache.
- Kipande cha mkeka wa sponji, ule wa kufanyia mazoezi.
- Vipakiti vya kupashia mikono, vinavyouzwa madukani msimu huu.
- Kipimajoto cha jikoni. Watu hukiruka hiki, kisha wanabaki kubahatisha msimu mzima.

## Hatua ya 1: Linganisha chupa na safari

Safari ya chini ya dakika 40, na baridi isiyozidi -5, haihitaji maarifa makubwa. Weka maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya kawaida, uiweke ndani ya koti, uende.

Kati ya dakika 40 na saa moja na nusu, chupa ya plastiki ya kuta mbili iliyovishwa soksi inatosha mpaka karibu -10. Ukizidi hapo, kwa muda au kwa baridi, tumia thamosi ya chuma. Plastiki ya kuta mbili huchelewesha baridi tu, ilhali thamosi ina ombwe kati ya kuta zake, na joto halina hewa ya kupitia humo.

Utabiri ukisema hewa ni -12 lakini "inahisi kama -22", usitishwe na namba ya pili kwa upande wa chupa. Namba hiyo inahusu ngozi yako. Chupa haiwezi kushuka chini ya -12, ila upepo utaifikisha huko upesi zaidi. Na wewe ukiwa kwenye baiskeli unajitengenezea upepo wako mwenyewe, hata siku ambayo moshi wa dohani unapanda wima.

## Hatua ya 2: Pasha chupa kabla ya kuijaza

Mimina maji yanayochemka kwenye thamosi, funga, iache dakika 5 hadi 10 huku ukivaa. Kisha yamwage, weka kinywaji chenyewe.

Chuma kilicholala kwenye gereji usiku kucha ni baridi kama nje. Ukimimina chai humo moja kwa moja, sehemu ya joto inaishia kupasha chuma kabla hujatoka mlangoni. Mama zetu waliisuuza chupa ya chai kwa maji moto kila asubuhi, na sisi tulidhani ni usafi tu.

Onyo: usimimine maji yanayochemka kwenye chupa laini ya plastiki. Inalegea, mfuniko haukazi tena, na maji yanaonja plastiki wiki nzima. Hiyo isuuze kwa maji ya moto ya bomba.

## Hatua ya 3: Changanya kinywaji kwa kipimo

Kinywaji cha thamosi kiwe kati ya nyuzi 55 na 62. Usivuke 65. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Hata ukiweka hilo kando, kunywa chai ya nyuzi 80 huku unaendesha kwa mkono mmoja juu ya barafu ni kujitafutia balaa.

Kama huna muda wa kupima: vikombe 3 vya maji yanayochemka kwa vikombe 2 vya maji baridi ya bomba. Maji ya bomba huku wakati wa baridi hutoka karibu na nyuzi 5, kwa hiyo mchanganyiko unatua kwenye 60 hivi. Kwa chupa ya plastiki, changanya nusu kwa nusu, upate karibu 50.

Uweke nini humo? Maji ya tangawizi yaliyochujwa vizuri, asali kidogo, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili kama safari inazidi saa mbili. Chuja hasa. Kipande cha tangawizi kikiingia kwenye kitundu cha chupa, hakuna barafu itakayokushinda kama hicho.

Chai ya maziwa, najua, ndiyo kila mtu anayoitaka. Ila maziwa huganda kama utando ndani ya mdomo wa chupa, na yakikaa saa kadhaa kwenye uvuguvugu yanaharibika. Kama huwezi kuiacha, ibebe kwenye thamosi ya kumiminia kikombeni, uinywe ndani ya saa mbili, na usiipitishe kwenye chupa ya kufyonza.

Kuna wanaoniambia sukari huzuia kuganda. Inazuia, lakini kidogo sana: gramu 60 za sukari kwa lita hushusha kiwango cha kuganda kwa theluthi moja tu ya nyuzi. Chumvi nayo, hata maji ya bahari yenye gramu 35 kwa lita huganda yakikaribia -2, na hayo huwezi kuyanywa. Pombe iache nyumbani. Inakufanya uhisi joto kwa kuleta damu kwenye ngozi, na damu hiyo inatoa joto lako nje.

Ukifaulu: tone ukiliweka kwenye kifundo cha mkono linakuwa moto bila kukushtua.

## Hatua ya 4: Jaza kwa kiasi kinachofaa

Thamosi ijaze mpaka karibu na kizibo. Maji mengi hupoa polepole kuliko machache, na nafasi ya hewa hapo juu haikusaidii kitu.

Chupa ya plastiki iachie nafasi ya vidole viwili. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na chupa iliyojaa tele hupasuka au kujifungua.

Baada ya kufunga chupa yenye maji moto, itikise mara mbili, fungua kidogo ili mvuke utoke, kisha funga tena. Usipofanya hivyo, mfyonzo wa kwanza utakurukia usoni.

## Hatua ya 5: Ivishe chupa

Valisha soksi ya sufu kuanzia chini, ifike shingoni. Juu ya soksi vuta mfuko wa mkate, ubane kwa raba bendi. Mfuko ni muhimu kuliko unavyodhani. Soksi hufanya kazi kwa sababu ya hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Upepo ukiipenya, hewa hiyo inaondoka. Na gurudumu la mbele likiirushia maji ya theluji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, soksi inalowa, inaganda, na sasa umeivisha chupa yako barafu.

Thamosi ya chuma haihitaji soksi nene, kwa sababu ombwe linaifanya kazi hiyo. Inayovuja joto ni sehemu ya juu, yaani mfuniko. Kata kisehemu cha soksi ukiviringishe hapo. Kile kipande cha tyubu kipitishe kiunoni mwa thamosi ili isigongane na kishikio, maana kelele za chuma kwa saa mbili zinachosha kuliko mlima.

## Hatua ya 6: Linda mdomo wa chupa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende taratibu.

Maji yanahitaji kupoteza joto jingi mno ili yawe barafu. Yakiwa tayari yamefika nyuzi sifuri, bado yanapaswa kutoa joto sawa na lile ambalo yangetoa kupoa kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Ndiyo maana nusu lita haigandi yote kwa saa moja. Lakini tone lililobaki kwenye kitundu halina akiba hiyo. Lina upepo pande zote, lina plastiki nyembamba, na kwenye -12 linakuwa jiwe kwa dakika chache.

Nililijua hilo juu ya Daraja la Martin Olav Sabo. Midtown Greenway, njia yetu ya baiskeli ya karibu kilomita 9, imefuata mfereji wa reli ya zamani, chini ya usawa wa mitaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia umekingwa na upepo. Kisha daraja linakupandisha juu ya Hiawatha Avenue, na upepo wote uliokuwa ukipita juu ya kichwa chako unakukuta usoni. Nilikuwa nimekunywa dakika 10 kabla. Nikavuta kizibo kwa meno, hakikutoka. Nikavuta tena kwa nguvu, kikatoka na kipande cha plastiki. Mimi niliyetoka Limuru nikidhani baridi naijua, nikafika mtoni na kiu huku chupa imejaa.

Fanya hivi:

1. Kila ukimaliza kunywa, pulizia hewa ndani. Puliza kwa ufupi kupitia kitundu kile kile. Hewa inayasukuma matone yarudi ndani kwenye maji ya moto. Kisha funga kizibo hapo hapo, usisubiri mpaka ukae sawa kwenye tandiko.

2. Iweke chupa kichwa chini. Barafu huelea, kwa hiyo maji huanza kugandia juu. Ukiigeuza, barafu itaanzia kwenye kitako, na mdomo utabaki ndani ya maji. Kabla ya kuamini mbinu hii, igeuze juu ya sinki kwa dakika 10. Chupa nyingi za bei nafuu huvuja, na chai kwenye mnyororo si jambo la kuchekesha.

3. Funika mdomo. Kuna chupa zinazouzwa na kofia ndogo ya mpira. Kama yako haina, kata kona ya mfuko wa mkate uivalishe, ubane kwa raba bendi. Inazuia upepo na pia matope ya chumvi yasiingie kinywani mwako.

4. Chini ya -10, achana na kitundu cha kufyonzea. Tumia mfuniko wa kuzungusha wenye mdomo mpana. Itakubidi usimame ili unywe. Simama. Kizibo kipana hata kikishikwa na barafu, ukikikumbatia kwa glavu dakika moja kinazunguka.

Onyo: usiweke mdomo au ulimi moja kwa moja kwenye ukingo wa chuma kilichokaa kwenye baridi kali. Ngozi yenye unyevu inagandia. Ikitokea, usivute. Mimina kinywaji chako cha uvuguvugu mahali palipogandia, subiri paachie. Mimi nilivuta, na wiki iliyofuata sikula pilipili.

Ukifaulu: dakika 20 baada ya kunywa, kizibo kinafunguka kwa vidole viwili bila msaada wa meno.

## Hatua ya 7: Chagua mahali pa kuibeba

Kishikio kwenye fremu ndicho mahali pa baridi kuliko pote: upepo, maji ya gurudumu, na chuma. Kinafaa kwa thamosi peke yake.

Chupa ya plastiki, hasa ile laini inayokunjika, iweke ndani ya koti: mfuko wa mgongoni wa jezi, koti la upepo juu yake. Mwili wako unatoa joto bure kwa safari nzima, litumie. Lakini usiweke thamosi ya chuma hapo katikati ya mgongo. Barafu nyeusi, ile nyembamba inayofanana na lami, huioni; ukianguka chali unaiangukia kwa uti wa mgongo. Chuma kikae kwenye baiskeli.

Mahali pa tatu ni kifuko cha kwenye usukani au kwenye pembetatu ya fremu. Kitandike kwa kile kipande cha mkeka wa sponji, pande zote na chini. Kisha weka kipakiti kimoja cha kupashia mikono kando ya mdomo wa chupa, wala si kwenye kitako, kwa sababu unajua sasa kinachoganda kwanza ni kipi. Vipakiti hivi vina unga wa chuma unaopata kutu kwa kasi, na kutu hiyo ndiyo inayotoa joto. Bila hewa havifanyi kazi. Kifungue nyumbani dakika 10 kabla, kitikise, na usikizibe ndani ya plastiki.

Anayetumia mkoba wa maji wenye mrija, sheria ni mbili tu: mkoba uvaliwe chini ya koti la nje, na baada ya kila mkupuo puliza mpaka mrija wote ubaki mtupu. Mrija uliojaa maji ukining'inia begani huganda kabla hujafika mtaa wa pili.

## Hatua ya 8: Kunywa kwa ratiba

Baridi inafisha kiu. Pia inakupeleka msalani mara kwa mara, na ule moshi unaouona ukitoka mdomoni ni maji yako yanayoondoka. Ukisubiri kiu utarudi na chupa nzima pamoja na kichwa kinachogonga.

Meza mikupuo miwili au mitatu kila dakika 10 hadi 15, ukianzia dakika ya 10 ya safari. Kuna faida nyingine: kila unapokunywa, maji ya moto yanapita kwenye mdomo wa chupa na kuupasha. Chupa inayotumika haigandi upesi kama iliyosahauliwa.

Ukisimama, simama penye kinga: chini ya daraja, nyuma ya ukuta. Funga chupa kabla ya kuchukua simu. Nimeona watu wanapiga picha ya ziwa lililoganda huku chupa iko wazi mkononi, kisha wanashangaa.

## Ikiganda ukiwa njiani

Iweke kwapani, ndani ya koti, mdomo ukielekea mwilini, dakika 5 hadi 10 huku ukiendelea kutembea au kuendesha polepole. Kwa kawaida kizibo cha barafu ni chembamba na kinaachia.

Usiibamize kwenye fremu. Plastiki ya baridi inavunjika kama biskuti. Usile theluji kukata kiu: mwili unatumia joto lake kuiyeyusha, na theluji ya kando ya barabara ina chumvi na mafuta ya magari.

Kama una thamosi na chupa ya plastiki pamoja, mimina chai kidogo juu ya mdomo wa ile iliyoganda. Hii ndiyo sababu mimi kwa safari ya zaidi ya saa mbili hubeba zote mbili: ya plastiki ndani ya koti kwa saa ya kwanza, ya chuma kwa saa za kurudi.

## Jinsi ya kujua umefaulu

Jaribu nyumbani kabla ya kujaribu mbali. Jaza chupa kama kawaida, iache kwenye baraza saa moja, kisha pima. Ikibaki juu ya nyuzi 25, iko tayari kwa safari ya saa moja hivi. Punguza matarajio kidogo, kwani kwenye baraza hakuna upepo wa mwendo.

Baada ya safari ya kweli, kabla hata hujavua buti, tumbukiza kipimajoto kwenye kilichobaki. Andika mambo manne: nyuzi za hewa, muda, ulivyoivisha, na nyuzi za kinywaji. Kwangu mimi kinywaji kikiwa juu ya 15 nakunywa bila kujilazimisha. Chini ya hapo naanza kukikwepa. Wewe una namba yako, na baada ya safari nne tano utaijua.

Kisha fungua vifuniko vyote, toa raba za ndani, osha kwa maji moto na magadi kidogo. Anika chupa zikiwa wazi na vizibo kando. Soksi nayo ianikwe ndani penye joto, isirudi gereji ikiwa na unyevu, maana kesho asubuhi itakuwa ngumu kama ubao.